Joto Lilisingiziwa: Kisa cha Nywele Zilizokatika Kisogoni

Binti huyu alirudi saluni kwangu mwishoni mwa Februari, saa nane mchana, kilemba kichwani na jasho likimtiririka mashavuni. "Shikamoo, anti." Nikamwitikia, nikampa kiti, lakini kilemba hakukivua mpaka mteja aliyekuwa chini ya draya alipomaliza na kuondoka. Ndipo akakifungua. Kisogoni, juu kidogo ya shingo, nywele zilikuwa zimekatika eneo la ukubwa wa kiganja cha mtoto: nyingine urefu wa punje ya mchele, nyingine nusu kidole, hakuna mbili zinazolingana. Kingo za mbele zilikuwa zimekonda hadi ngozi inaonekana. Utosini nywele zilikuwepo, ila ukizibana mkononi zinakwaruza kama maganda makavu ya mahindi.

"Ni joto, anti. Joto la Dar limenimaliza."

Nimesuka watu Temeke kwa miaka 22, na kila pepo za kaskazi zikianza kuvuma nasikia maneno hayo hayo. Zamani nilikuwa naitikia tu. Kisa hiki nilikifuatilia hatua kwa hatua hadi Mei, na ninakiandika kwa ruhusa yake, bila jina, kwa sababu naona joto linasingiziwa mno. Linachangia, tena sana. Lakini nywele nyingi ninazoziona zikikatika msimu huu zinakatwa na mambo tunayoyafanya ili kulikimbia joto lenyewe.

Alikotoka

Ana miaka 24, kazaliwa na kukulia Njombe. Anayeijua Njombe anaijua baridi yake: Juni na Julai kuna asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani. Nywele zake ni za kipilipili hasa, mkunjo mdogo kama springi ya kalamu, na hajawahi kutia dawa ya kulainisha maishani. Kwao alikuwa anaosha mara moja kila wiki mbili, anapaka mafuta ya mgando, anasukwa na mama yake Jumapili jioni, basi. Ukizivuta zilikuwa zinafika begani.

Alihamia Dar Septemba, akapata kazi kwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo na chumba cha kupanga Mbagala. Miezi miwili ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Novemba ikiisha joto likapanda: mchana nyuzi 31 hadi 33, usiku haishuki sana chini ya 25, na hewa imelowa kiasi kwamba jasho halikauki, linakaa tu mwilini. Dukani feni ni moja kwa watu watano. Kichwa kikaanza kuwasha.

Akaanza kuosha nywele kila siku akitoka kazini, kwa maji ya kisima cha mwenye nyumba na sabuni ya mche ileile ya kufulia, kwa kuwa shampuu ilikuwa inaisha haraka. Nywele zikakauka, akaongeza mafuta ya mgando, akayasugua hadi kwenye ngozi. Kuwasha kukazidi. Hapo ndipo alipoona bora asuke tu, asihangaike tena na nywele mpaka joto lipite, na hapo ndipo mimi nilipoingia.

Kosa la Desemba lilikuwa langu. Alikuja wiki ya Krismasi, akataka rasta ndogondogo za kukaa hadi Pasaka. Saluni ilikuwa imejaa. Nikamwosha, nikampitisha chini ya draya dakika chache, nikaanza kusuka huku mizizi bado ina unyevu. Nikavuta, kwa sababu mtu akitaka zikae miezi mitatu ndivyo tulivyozoea kufanya. Alipoinuka akasema, "Anti, mbona hata macho yanavutwa?" Nikamjibu zitalegea keshokutwa. Jibu hilo wasusi wote tunalijua, na si jibu la kumpa mtu. Kichwa kikiuma baada ya kusukwa, mzizi unavutwa kutoka kwenye ngozi. Vikifuata vipele vidogo kwenye kingo, ngozi inakuambia mara ya pili. Ukiendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, mizizi inakufa na nywele za mbele hazirudi tena, uwe umepaka mafuta gani.

Akakaa na rasta hizo wiki saba. Kwa kuwa kichwa kiliwaka moto, kila jioni alizimwagia maji na kulala nazo zikiwa mbichi. Rasta yenye nywele za bandia nje inaweza kukauka saa chache, ndani kwenye mzizi ikabaki na maji hadi kesho yake. Mwanzoni mwa Februari alizifumua mwenyewe usiku mmoja, kwa sababu ya harufu. Kisogoni zilifumuka pamoja na nywele zake.

Baada ya hapo kila mtu akawa mshauri. Mwenzake wa dukani akamwambia anunue gilisarini kwenye duka la dawa. Akaipaka hivyo hivyo bila kuichanganya na kitu. Jirani akamwambia akamulie ndimu kutoa mba. Akakamulia, akapanda bodaboda saa sita mchana. Shangazi yake akasema dawa ndiyo suluhisho, zikilainika hazitakatika. Hilo la shangazi ndilo pekee ambalo hakulifanya, na namshukuru Mungu, maana dawa ya kulainisha nywele juu ya ngozi yenye vidonda ni kuungua.

Nilichokiona

Sikugusa maji wala mafuta siku hiyo. Nilimtandikia taulo jeupe mabegani, nikachana kwa chanuo la meno mapana, kuanzia kwenye ncha nikipanda taratibu kuelekea mzizi. Kisha nikaokota zilizodondoka, nikampa miwani yangu ya kusomea azitazame moja moja pamoja nami.

Nywele iliyong'oka ina kijivimbe cheupe upande mmoja, kidogo kuliko kichwa cha pini. Huo ndio mzizi. Binadamu mzima hupoteza nywele kama 50 hadi 100 kwa siku za namna hiyo, na si ugonjwa. Zikizidi sana, sababu hutafutwa ndani ya mwili: upungufu wa damu, uzazi wa karibuni, homa kali iliyopita, tezi ya shingo. Hapo msusi anyamaze, mtu aende hospitali. Nywele iliyokatika haina kijivimbe. Ncha zote mbili ni kavu, mara nyingine zimepasuka kama ufagio. Juu ya taulo la binti huyu zenye kijivimbe zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Zilizobaki zote zilikuwa vipande.

"Kwa hiyo mizizi ipo, anti?"

"Ipo, mwanangu. Kisogoni zinaota kila siku. Zinakatika kabla hujaziona."

Akalia kidogo, nikamwacha alie.

Ngozi ilikuwa na mambo matatu tofauti, na ni vibaya kuyaita yote mba. Utosini kulikuwa na magamba ya njano yenye mafuta. Hiyo ndiyo mba yenyewe. Wapo fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, wanakula mafuta ya ngozi, na joto na unyevu vinawapendeza. Mafuta mengi ya mimea tunayopaka kichwani wanayala pia, ndiyo maana mwenye mba akisugua mafuta ya nazi kwenye ngozi hupata nafuu ya siku moja, kisha mba inarudi na nguvu. Kisogoni kulikuwa na vipele vyenye usaha kwenye vitundu vya nywele, jasho na mafuta ya mgando vimeziba. Na kwenye paji la uso, pembezoni mwa nywele, kulikuwa na michirizi myeusi iliyoshuka kama machozi. Hiyo ilikuwa ndimu. Majimaji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha yakapigwa na jua kali yanaiunguza, na alama yake nyeusi hukaa wiki, hata miezi. Yeye alidhani ni mzio wa gilisarini.

Sikuona mabaka ya duara yenye nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, yaani mapunye, wala ngozi iliyolainika na kung'aa kama imefungwa. Ningeona hivyo ningesimamisha kila kitu. Kwa vipele na mba nilimtuma zahanati kwanza, akarudi na shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 na maelekezo yake: mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, iachwe kichwani dakika tano, kisha isuuzwe. Mimi niliongeza moja tu: azigawe nywele mafungu na kuiweka shampuu kwenye ngozi, asiisugue hadi kwenye ncha, kwa sababu inakausha.

Maji

Lakini kulikuwa na kitu sikukielewa. Nilipovuta unywele mmoja kati ya kucha mbili, kuchani palibaki unga mweupe uliochanganyika na nta. Mafuta ya mgando hayafanyi hivyo peke yake. Nikamwambia akirudi aje na chupa ya maji anayoogea.

Alikuja nayo. Nikachukua chupa mbili za lita moja, moja nikatia maji yake, nyingine maji ya bomba la hapa saluni, kila moja nusu. Nikakata vipande viwili vya sabuni ya mche vinavyolingana, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, nikavitumbukiza, tukafunga vifuniko. Yeye akatikisa moja, mimi nyingine. Ya bomba ilijaa povu hadi shingoni mwa chupa. Ya kisima haikutoa povu. Maji yaligeuka meupe kama ya kuoshea mchele, na juu yakaelea vipande vidogo vidogo, kama maziwa yaliyokatika. Alitazama chupa muda mrefu bila kusema neno.

Dar tunajua tofauti ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na maji chumvi, tunaijua kwenye chai na kwenye maharage yasiyoiva. Ajabu ni kwamba hatuipeleki kichwani. Visima vingi vya mjini hapa ni vya chumvi, na mara nyingi maji hayo hayo yana chokaa na magnesiamu. Sabuni ya kipande ikikutana nayo haitoi povu, inashikana na chokaa na kuwa utando usioyeyuka. Ule uliokuwa unaelea kwenye chupa ndio aliokuwa anajipaka kichwani kila jioni kwa wiki nyingi, na juu yake mafuta ya mgando. Utando ukishakaa, kondishena haiingii, maji hayaingii, nywele inakuwa ngumu na inasuguana na mwenzake.

Unywele umefunikwa magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ukilowa unavimba, magamba yanainuka kidogo, ukikauka unasinyaa. Kuvimba na kusinyaa mara moja kwa wiki hakuna neno. Kila siku, kwa sabuni yenye ukali wa magadi inayoyainua magamba zaidi, unywele unachoka kama waya unaokunjwa mahali pamoja. Na nywele za kipilipili zimejikunja mara nyingi, kila kona ni mahali pa kukatikia. Mafuta ya asili ya ngozi nayo hayashuki kwa urahisi kwenye kona hizo kama yanavyoshuka kwenye nywele iliyonyooka, hivyo ncha zetu ni kavu hata kabla hatujazikosea.

Gilisarini ilimalizia. Kazi yake ni kuvuta maji. Ikichanganywa na maji mengi ni nzuri, lakini ikipakwa yenyewe tupu inavuta maji popote inapoyapata, hata ndani ya unywele. Na kwenye hewa ya pwani iliyolowa inaweza kunywesha nywele kupita kiasi: zinavimba, zinajifunga mafundo, na vumbi la barabara linanata. Kisogo ndicho kilichoumia zaidi kwa sababu hapo ndipo kola ya nguo, helmeti ya bodaboda, jasho na mto wa pamba vinapokutana.

Tulichofanya

Kwanza nilikata. Nilimwonyesha mahali ncha zilipopasuka, nikamwambia hizo hazigandishwi na mafuta yoyote, mpasuko unapanda tu. Akaniomba nibakize. Tukakubaliana sentimita 3 na kisogo nikiache kama kilivyo. Nilimweleza pia ukweli kuhusu muda: nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwetu mara nyingi pungufu kidogo. Asitegemee miujiza ya wiki mbili.

Maji ya kuoshea kichwa yakabadilika siku hiyo hiyo. Anachota maji baridi kwa mwenye bomba, dumu moja la lita 20, na kichwa chake kinakula kama nusu yake. Mwili anaendelea kuoga ya kisima. Kuondoa utando wa zamani tulitumia siki: kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe kwenye nusu lita ya maji, baada ya shampuu, inakaa dakika mbili, inasuuzwa. Hilo tulisubiri hadi vipele vikauke, siki kwenye kidonda ni mateso. Mara ya kwanza tu nywele zililegea mkononi mwangu. Baadaye mara moja kwa wiki mbili ilitosha.

Kuosha kwa shampuu kukarudi mara moja kwa wiki, ukiacha zile wiki nne za dawa ya zahanati. Jasho la katikati ya wiki linahitaji kutolewa, sikatai, chumvi yake inawasha. Anapitisha maji baridi matupu kwenye ngozi, anapaka kondishena kwenye nywele, anasuuza. Anafanya hivyo asubuhi mapema au akirudi saa kumi na moja, ili zikauke kwa upepo kivulini. Kanuni niliyomsisitizia kuliko zote: usilale na mizizi mbichi, usisuke mizizi mbichi. Ingiza kidole hadi kwenye ngozi, si juu juu. Kikitoka baridi, bado.

Mafuta ya nazi hatukuyatupa, tuliyahamisha. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha kipimo walichofanya cha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini (yale mafuta mepesi yatokanayo na petroli). Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea kwenye nywele wakati wa kuosha, kwa sababu yanapenya ndani ya unywele na kuuzuia usivimbe mno. Bibi zetu wa pwani walipaka kabla ya kuoga bahari au kisima, na walikuwa sahihi. Kwa hiyo anapaka kwenye nywele, siyo kwenye ngozi, jioni ya kuamkia siku ya kuosha. Baada ya kuosha anaweka kondishena nyepesi na matone machache ya mafuta ya parachichi kwenye ncha tu, chupa aliyotumiwa na mama yake kutoka Njombe. Mafuta ya mgando yakabaki ya visigino.

Usiku alikataa katakata skafu, joto halivumiliki. Sikubishana naye. Tulinunua kipande cha satini, akashona foronya mwenyewe. Mto unateleza, kichwa kinapumua.

Mtindo ukawa twende kilioni ya mistari minene, bila nywele za bandia, inafumuliwa kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na kingo haziguswi kabisa. Ngozi inayoonekana kwenye njia za mistari inaungua na jua kama ngozi nyingine yoyote, na jua linavunja protini ya unywele wenyewe na kuufubaza rangi. Kati ya saa sita na saa tisa anajitanda khanga nyepesi au kofia pana isiyobana. Kwa bodaboda, ananyoosha kipande cha satini ndani ya helmeti, akifika anakivua na kukianika.

Machi hadi Mei

Wiki ya tatu alitaka kuacha. Mba ilikuwa imepungua na vipele vimekauka, lakini nywele aliziona zilezile, na shangazi alikuwa amempigia tena kuhusu dawa. Nikamtandikia taulo jeupe kama Februari, tukachana. Nywele zilizodondoka hazikufika robo ya zile za kwanza, na nyingi zilikuwa na kijivimbe cheupe. Taulo hilo lilimshawishi kuliko maneno yangu yote.

Aprili mvua za masika zilileta jambo zuri ambalo sikulifikiria. Binti aliweka ndoo chini ya bati, akaacha mvua ya kwanza isafishe paa, akajaza madumu matatu. Maji ya mvua hayana chokaa, shampuu kidogo sana inatosha. Akaniambia nywele zake zimerudi "kama za nyumbani."

Alikuja tena mwisho wa Mei, kusi imeshaanza kuvuma na usiku watu wanajifunika shuka. Kisogoni nilipima kwa rula: zile zilizokuwa punje ya mchele zilikuwa na sentimita mbili na nusu, zinalingana, ncha zake ni butu na nzima. Alama za ndimu zimefifia lakini bado zipo. Kingo za kulia zimejaa. Za kushoto bado zimekonda, na nilimwambia wazi kwamba zikifika Septemba bila kubadilika aende kwa daktari wa ngozi, asisubiri mimi.

Juni kuna harusi ya dada yake Njombe. Alianza kuniomba rasta ndogondogo, akaona uso wangu, akacheka. Tumekubaliana twisti nene za nywele zake mwenyewe, siku tano tu. Nimemwekea nafasi Jumamosi, saa moja asubuhi, peke yake, ili nipate muda wa kuzikausha hadi kwenye mizizi kabla sijashika chanuo. Amesema atakuja na dumu lake la maji.